Nilivyolitetea Gari la Salim

Salim, fundi rafiki yangu hapa ughaibuni, mtaani Ras Al Khor, ameunda kwa mikono yake nakala ya gari la zamani la mashindano. Alinyimwa usajili. Mkaguzi, mzee aliyekulia Unguja, alihofia kwamba nakala zitauzwa kama magari halisi. Nikajisomea kanuni zote, nikajitolea kuomba zilegezwe.

Tuliazima gari halisi, tukayaegesha yote mawili sambamba mbele ya mkaguzi.

"Sir, hakuna atakayedanganyika," nilisema, nikipapasa boneti iliyong'aa. "Tazama mkunjo huu. Hii ni kazi ya kiwanda. Mkono wa mtu hauwezi."

Salim akanivuta shati. "Khalas, basi, kaka. Hilo ndilo langu."

Mkaguzi akanigeukia. "Kumbe hata wewe, bwana mtetezi?"