Kupima Sakafu kwa Nyayo

Sakafu ya ile baa ya mtaa wa Kikuyu, hapa Dodoma, ilikuwa ya saruji iliyopigwa niru, nayo ilikula viatu. Soli mpya uliyoanza nayo mwanzo wa kiangazi, kiangazi hakijaisha unampelekea fundi. Hapo ndipo tulipocheza salsa Jumamosi alasiri, mpaka mwenye baa awashe televisheni kwa ajili ya mpira, nasi tukajiondokea kwa adabu kabla hatujafukuzwa.

Hoteli moja katikati ya mji ilikuwa na ukumbi wa marumaru zinazong'aa. Nzuri kupigia picha, mbaya kwa magoti. Ukizungushwa pale unaendelea kuzunguka, na kusimama ni majaliwa. Halafu kulikuwa na ukumbi wa zamani wa shule, sakafu ya mbao. Mbao ina utu. Ukikanyaga inakupokea, ukiinua mguu inakusukuma kidogo, na jioni ukirudi nyumbani kiuno hakikudai chochote. Huo tuliupata mara chache tu, kisha mtu akamnong'oneza msimamizi kwamba salsa ni dansi ya kukumbatiana, tukanyimwa ufunguo.

Kumbi zote zilikuwa na adui mmoja, mchanga. Upepo wa Dodoma haubishi hodi. Unafagia, unapiga deki, ukigeuka vumbi limeshaingia dirishani na kujilaza. Juu ya marumaru mchanga unakuangusha, juu ya niru unageuka msasa.

Mimi ndiye niliyekuwa mpimaji. Ilianza kama mzaha, mwaka nilioletwa hapa pamoja na ofisi yetu, nilipokipata hiki kikundi kidogo cha watumishi, walimu wa chuo na mama mmoja muuza vitenge. Siku moja nilivua viatu, nikatembea peku toka ukuta hadi ukuta, nikawaambia hapa pana kibonde, hapa marumaru imeachia, hapa ilimwagika soda na haikufutwa vizuri. Wakakagua, wakakuta ni kweli. Tangu hapo, tukipata ukumbi mpya hakuna aliyevaa viatu vya kuchezea kabla yangu. "Tumsubiri mama akague," walisema. Nilijivunia, kwa nini nidanganye. Ofisini hakuna anayeniuliza naonaje.

Niliyecheza naye zaidi alikuwa bwana mifugo wa Mpwapwa, aliyekuja na basi kila Jumamosi. Mgogo mrefu, mkimya, mdogo kwangu, akiniita dada. Aliongoza kwa kiganja tu, hapa mgongoni, bila kukuvuta wala kukusukuma. Tukipumzika tuliongea habari za sakafu na za basi, basi.

Sukari nilikuwa nayo kwa miaka. Mvua zilipoanza, miguu ikaanza kufa ganzi. Kwanza vidole, kama mtu aliyekalia miguu mkekani muda mrefu, kisha nyayo nzima. Asubuhi moja niliingia jikoni, nikachemsha maji, nikarudi sebuleni, nikaona ndala yangu moja imelala mlangoni. Nilikuwa nimetembea na ndala moja muda wote huo na sikujua. Sikulia. Niliivaa, nikanywa chai.

Daktari alinikataza kutembea peku hata ndani ya nyumba. Akanifundisha kuangalia nyayo kwa kioo kila siku. Nilipomuuliza kuhusu kucheza, alisema tutaona, na mimi masikio yangu yalisikia kaa chini. Hicho ndicho nilichokiogopa, kuambiwa nikae. Nilikuwa naishi peke yangu Nkuhungu, wanangu wako mbali na maisha yao, na Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo mtu alinishika mkono. Lakini hata hofu yenyewe haikuwa na moto. Niliisikia kwa mbali, kama redio ya jirani. Niliyekaa naye ofisini, ambaye nilimdokezea kidogo, alinikumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia ni kweli kabisa, nikarudi kwenye mafaili yangu.

Nikaendelea kupima. Nilitumia macho, nikasikiliza kisigino kinavyolia, penye uwazi chini ya marumaru sauti hubadilika. Hakuna aliyeshtuka.

Kisha tukapata ukumbi hukohuko Nkuhungu. Marumaru nyeupe zisizo na utelezi, madirisha yanayofunga, nafasi tele. Jana yake palikuwa na harusi, na vijana walikuwa bado wanashusha vitambaa vya mapambo. Wenzangu walisimama mlangoni na viatu vyao kwenye mifuko, wakinisubiri. Nilivua vyangu. Nilitembea hadi ukuta wa mwisho, nikageuka, nikafuata upande wa madirisha, nikabonyeza kona kwa vidole, nikafumba macho kama nilivyozoea zamani.

"Sakafu nzuri," niliwaambia. "Haina mchanga, haina bonde."

Hakuna aliyesogea. Walikuwa wanaangalia chini, nami nikaangalia. Damu ilianzia karibu na katikati ya ukumbi, tone baada ya tone, ikafuata madirisha, ikaingia konani, ikatoka.

"Nani kaumia?" niliuliza.

Bwana mifugo ndiye aliyekuja, akanishika kiwiko.

"Ni wewe, dada."

Alinikalisha kwenye kiti cha plastiki, akachuchumaa, akaupandisha mguu wangu juu ya goti lake. Kilikuwa kipande cha glasi, cha ukubwa wa kucha. Alikichomoa huku akinitazama usoni, si mguuni, na uso wangu haukumwambia kitu. Mimi niliutazama ule mguu kama mzigo wa abiria mwingine. Mama muuza vitenge alikuwa ameshaanza kufuta sakafu kwa khanga yake, nikamwomba aache, nitafuta mwenyewe. Hakunisikiliza.

"Tangu lini?" bwana mifugo aliuliza.

"Tangu mvua zianze."

"Sasa ulikuwa unachezaje?"

"Nilikuwa nakufuata wewe," nilisema. "Mkono wako ukisema geuka, nageuka. Sakafu siijui tena."

Alifunga leso yake kuzunguka unyayo, akaikaza. Kisha akasema ndiyo maana kila Jumapili anaamka na bega linauma, alidhani ni kiti cha basi. Nilicheka. Kicheko kikageuka, nikalia mbele yao wote, kwa sauti, na sikuona haya.

Aliita bajaji, akanibeba mpaka nje ingawa nilimwambia naweza kuchechemea. Ndani mtu alikuwa amewasha muziki, kwa sauti ya chini, nadhani kwa kukosa la kufanya. Nilimwambia bwana mifugo kwamba dereva ananitosha, hospitali naijua, yeye arudi akacheze, asije akawa amesafiri kutoka Mpwapwa bure.

Aliingia akakaa pembeni yangu, akapakata mfuko wenye viatu vyangu, akamwambia dereva twende.

"Nikacheze na nani?" alisema.