Kumwagiwa Maji Mwaka wa Ukame

Nilipotimiza miaka kumi na saba, sisi wasichana wanne wa sekondari tulishuka Voi mjini, tukanywa soda na kupiga picha studio. Ulikuwa mwaka wa ukame, miaka ya sabini, na ndovu walikuwa wakitoka porini kubomoa matangi ya watu kwa sababu tu wamenusa maji. Wenzangu walilijua hilo. Lakini bathdei bila kumwagiwa maji haikuwa bathdei. Upuzi mtupu! Wakaazima ndoo pale stesheni, nikalowa chapachapa mpaka viatu. Kadiri nilivyokasirika ndivyo walivyozidi kucheka.

Tulirudi shuleni kwa miguu kando ya shamba la mkonge, jua likielekea kuzama, gauni langu bado linachuruzika. Ndege wakanyamaza. Kisha tawi likavunjika vichakani, na kicheko kikakatika. Likavunjika lingine, karibu zaidi.

Nikamshika mkono rafiki yangu, yule tuliyekuwa naye chanda na pete, ambaye ndiye aliyenimwagia ile ndoo. Akauchomoa polepole.

“Kaa mbali na sisi,” akaninong'oneza. “Unanuka maji.”