Biskuti za Madeira

Brites Anes alikuwa mwanamke wa kunusa kwanza, kuamini baadaye. Unga alinusa, samaki alinusa, hata padri akimletea habari njema alikunja pua. Msimcheke. Babake aliaga kwamba anakwenda kuvua siku tisa, kumbe merikebu imetumwa kusini kutafuta pwani isiyo na jina, na hadi leo hajarudi. Brites alikuwa na miaka saba.

Alikuja kuwa mwokaji wa biskuti za merikebu, ng'ambo ya mto Tejo, mkabala na Lisbon. Miaka ishirini mbele ya tanuri, nyusi zikiungua, zikiota, zikiungua tena. Biskuti ya safari fupi huokwa mara mbili. Ya safari ya mwaka na zaidi huokwa mara nne, ikakauka mpaka ukiigonga mezani inalia kama kigae. Ile ya mara mbili mkienda nayo mbali itaota ukungu, na mtakufa njaa juu ya magunia yaliyojaa.

Basi akaja Tristão Boto, karani wa merikebu, kola safi, tabasamu tele.

"Bi Brites, nataka biskuti za watu sitini. Uzioke mara nne."

"Mnakwenda wapi?"

"Madeira tu, kuchukua sukari."

"Madeira siku nane, bwana. Mara nne za nini?"

"Aa, mambo ya bahari hayo. Wewe oka tu."

Angeyapuuza, ila mumewe Lopo, fundi wa kalafati, wa kuziba nyufa za merikebu, alikuwa amejiandikisha katika merikebu hiyohiyo. Wakila supu ya maharagwe, akamwambia, "Lopo, wanakudanganya hao."

"Umeshaanza," Lopo akacheka. "Wewe ungemshuku hata malaika kwa kuwa na mabawa."

"Babangu naye alicheka hivyohivyo."

Lopo akainamia bakuli lake.

Brites akaanza kuulizauliza: hawa wakubwa wanatafuta nini huko mbali? Padri akasema wanawapelekea msalaba wasioujua. Mwuza viungo akacheka sana. "Pilipili manga, mama! Watu wa Venisi wanatukamua kwa bei. Mfalme anataka njia yake mwenyewe hadi inakoota." Haya, msalaba na pilipili. Mbona basi merikebu zikirudi zinashusha watu waliofungwa minyororo? Brites alikuwa amewaona kwa macho yake pale gatini, na mama mmoja akimng'ang'ania mwanawe. Kila mtu alikuwa na sababu nzuri mdomoni, na hakuna hata moja iliyomtuliza.

Siku ya kupakia akavuka mto na mashua iliyojaa magunia. Lopo alikuwa sitahani na wenzake. Brites akasimama mbele ya wote.

"Bwana Boto, biskuti zako hizi. Nimezioka mara mbili. Kwa Madeira zinatosha, au sivyo?"

Tabasamu likamtoka Tristão. "We mwanamke una wazimu? Unataka tufe baharini? Miezi kumi na minane tutakula nini?"

Akaziba mdomo, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Brites akashika kiuno, akamgeukia mumewe.

"Umesikia kwa masikio yako? Haya, beba fuko lako twende nyumbani."

Lopo hakusogea. Aliitazama mikono yake iliyojaa lami.

"Nilijua, Brites."

"Ulijua nini?"

"Merikebu ya Madeira haitiwi kalafati tabaka tatu. Hii niliitia mimi mwenyewe."

"Ukanyamaza! Ukala supu yangu, ukanyamaza! Kwa ajili ya nini, Lopo? Msalaba? Pilipili?"

"Pilipili hata sijui inaota juu au chini. Nimeziba merikebu za watu miaka ishirini na mbili, mke wangu. Zinaondoka, mimi nabaki na ndoo. Nataka kuona zinakokwenda."

Ilimuuma vibaya. Alikuwa amemnusa kila mtu mjini isipokuwa yule aliyelala naye kitanda kimoja. Alitaka kumzaba kofi. Alitaka pia kuizamisha merikebu, pamoja na kola ya Tristão. Lakini aliwajua watu hawa. Wangeondoka hata na biskuti hizo mbovu, na Lopo miongoni mwao.

"Zirudisheni mashuani," akasema.

"Zipi?" Tristão akauliza.

"Zote, wewe mwongo. Bado mara mbili. Na mtangoja mpaka niseme zimeiva."

Siku kumi na saba tanuri halikuzimwa. Brites alizigonga mezani moja moja, akizitegea sikio, huku akimtukana Lopo kwa sauti ya kusikika uani, na Lopo yuko uani anapasua kuni. Iliyokataa kulia aliirudisha motoni. Hakuna gunia lililovuka mto mpaka zote zimelia.