Kikohozi cha Mwalimu wa Hesabu

Darasa la sita bado linafundishwa hesabu na marehemu. Kila asubuhi sauti yake inatoka kwenye skrini, inapenya ukuta, na kumkuta mjane wake, mwalimu wa sayansi, akiwa mbele ya wanafunzi na chupa ya maabara mkononi. Wenzake wanasema keshazoea. Kuzoea gani, na maji yanamwagika mezani?

Masomo thelathini mumewe aliyarekodi mwaka wake wa mwisho, mapafu yakiwa yamekwisha. Alikuwa na mtindo wake: kila somo alitia kosa moja makusudi, kisha mwishoni akauliza, "Nani amenikamata?" Enzi zake watoto hawakusinzia hata kidogo, walimvizia.

Jumatatu mwalimu mkuu akamwita ofisini.

"Dada yangu, samahani. Darasa zima limeandika nusu kujumlisha theluthi ni mbili juu ya tano. Wazazi wamekuja juu. Ijumaa nayafuta masomo yote."

"Lile kosa la makusudi!"

"Mbona kwenye somo hasemi kuwa ni kosa?"

Mjane alijua fika kwa nini hasemi.

Ni yeye aliyemkata. Baada ya mazishi alipewa kazi ya kuyaingiza masomo kwenye kompyuta ya shule, na kila somo, karibu na mwisho, mumewe alikohoa. Kikohozi kile hakukiweza. Popote kilipoanzia alikata, asisikilize zaidi. Alidhani anamsitiri mumewe, kumbe amemfanya mjinga mbele ya watoto aliowapenda.

Masomo kamili yalikuwa kwenye simu ya marehemu, iliyofungiwa kabatini tangu msiba. Aliitoa, akaichaji.

Alhamisi aliingia darasa la sita, akaiunganisha na skrini, akakaa dawati la nyuma. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni, mikono kifuani. Nusu, theluthi, mbili juu ya tano. Kisha kikohozi, kirefu, kibaya. Mtoto mmoja akaziba masikio.

"Haya," marehemu akasema akihema. "Nani amenikamata?"

Watoto hawa hawakuwahi kuulizwa swali hilo.

Mjane akanyoosha mkono.

"Mimi, mume wangu. Ni tano juu ya sita."

Kwenye skrini mumewe alisubiri kidogo, kama alivyosubiri siku zote.

"Vizuri sana. Mpigieni makofi."

Watoto wakapiga. Mlangoni, mwalimu mkuu naye akapiga. Marehemu akaanza tena kukohoa, na mkewe hakuinuka kuzima.