Mawe Saba Yenye Udongo Mwekundu

Watoto wa kitongoji chetu walikuwa wanashuka bondeni kufuata shule, na masika mto ukijaa walibaki nyumbani. Mimi nilisoma hivyo mpaka darasa la saba. Mwaka juzi wazazi wakaamua tujenge ya kwetu kwa msaragambo, kazi ya pamoja, kila Jumatano watu wote kazini. Kila kaya ilipangiwa rundo lake la mawe ya msingi.

Fundi alikuwa mzee kutoka Mazinde. Alisema kaya itakayotimiza rundo kwanza itoe kijana mmoja, atamfundisha kujenga. Wazee wakauliza, hata kama ni msichana? Akajibu, "Ukuta hauulizi aliyeujenga amevaa nini."

Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Lakini mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, naye aliitaka, na yeye akifika mahali watu wanachangamka. Alibeba mawe akiimba, vijana wakampokea njiani. Mimi nilipandisha ya kwangu peke yangu kutoka mtoni, shingo inauma, macho kwenye rundo lao.

Jumatano ya tatu niliwahi kabla ya watu. Ukungu ulikuwa mzito na mawe yote yamelowa, yana rangi moja. Nikatoa saba kwenye rundo lao nikaweka kwetu. Fundi alipofika akapima kwa kamba, akasema kwetu tumetimiza, kesho nije nianze.

Saa nne jua likatoka. Mawe yetu ya mtoni ni meusi, safi. Yale saba yalitoka shambani kwao, na yalipokauka udongo mwekundu ukaonekana. Wengine walikuwa wanakunywa uji. Mdogo wangu aliyatazama, akanisogelea.

"Dada, hayo ni ya kwetu," alisema taratibu. "Basi jifunze vizuri."

Akarudi kwa wenzake, wakaendelea kucheka mambo yao.

Sasa kuta zimefika kimo cha madirisha na fundi ananisifu. Mdogo wangu huleta maji ya kuchanganyia saruji. Kila asubuhi ananiamkia mbele ya watu, "Shikamoo dada," nami naitikia marahaba nikiangalia chini. Wakipumzika, watu huenda kukaa alipo yeye. Kazi niliyoitaka ninayo, na bado namwonea wivu, tena zaidi ya zamani, kwa sababu angeweza kusema na hakusema.