Kosa la Wifi Mmoja

Mwenyezi Mungu anajua mizaha. Mimi, Mwanatumu, mtu nisiyeweza hata kungoja maji yachemke, akanipa wifi mwenye kigugumizi.

Wifi yangu anaitwa Mwanasaumu, mke wa kaka yangu Jumaa. Tunakaa nyumba moja mtaani Junda, huku pwani, wao vyumba vya mbele, mimi cha nyuma, na katikati yetu ni ua wenye mfereji, kamba za nguo na cherehani yake. Kazi yake ni kupinda leso. Akitaka mkasi huanza "ni-ni-ni," na kabla hajafika kokote nimeshampa mkasi, uzi, na kikombe cha chai juu yake. Miaka ishirini na miwili nimemmalizia sentensi zake nikijihesabia thawabu. Mara nyingine nilimalizia jambo ambalo hakulikusudia, naye kwa uchovu akakubali tu. Ndivyo tulivyowahi kununua mbuzi.

Kwa hivyo hakuna aliyejua kifua chake kimebeba maneno mangapi, hadi mwaka wa 2018, pale mpangaji wetu Odhiambo alipomwonyesha mtandao mmoja wa kuandikia makala. Odhiambo ni Mjaluo wa Siaya, mfanyakazi wa bandarini, mwenye moyo wa kufundisha hata asiyetaka kufunzwa. Alitueleza kwamba mtandao ule hauna mwenyewe. Ukiandika neno, linafungwa kwenye mnyororo wa kompyuta maelfu duniani kote, na hakuna waziri wala mume awezaye kulifuta. Wasomaji wakipenda makala yako wanakupigia kura, na kura hugeuka sarafu za humo humo.

Mwanasaumu akafungua kikundi cha Kiswahili, akakiita Uani. Akaanza kuandika majina ya leso alizopinda, nani alinunua ipi, na alikuwa anamsema nani. Subhanallah! Mwanamke ambaye mezani husema "chumvi" kwa dakika nzima, kumbe akishika simu anatiririka. Watu mia nne wakajiunga. Sarafu zilipokuwa na bei, wakaandika hadi wasiojua herufi. Bei ilipoporomoka, waliondoka kimya kimya kama wageni walioona sufuria ni ndogo.

Kufikia mwaka huu Uani palibaki na watatu: Mwanasaumu, Odhiambo, na mmoja ambaye kila Ijumaa aliandika, "Makala nzuri sana, endelea hivyo." Mwanasaumu alimpenda huyo. Alimsalimu, akamuuliza hali ya watoto, akamtakia Ramadhani njema. Miezi mitatu ilipita ndipo Odhiambo akamwambia, taratibu, kama anayepeleka habari ya msiba, kwamba yule ni roboti.

Basi siku moja asubuhi nikiwa jikoni, akaja mbio ameshika simu.

"Wa-wa-wa—"

"Wageni?"

"Wa-wa—"

"Wali? Sijapika wali leo!"

Akanisukumia simu usoni. Wakuu wa mtandao (kumbe usio na mwenyewe una wakuu!) walikuwa wametoa ilani: kila kikundi kisichokuwa na waandishi hai thelathini kufikia mwisho wa mwezi, kitafungwa. Makala zitabaki kwenye mnyororo, ila mlango wa kuingilia na mahali pa kukutania havitakuwepo tena.

Nikasema, "Si kitu, wifi, tutafungua kingine." Akakaa juu ya ndoo akalia. Halafu, tukiwa tumeketi bega kwa bega, akaniandikia ujumbe. Simu yangu ikalia mfukoni. Alikuwa ameandika: *Wifi, hapo ndipo mahali pekee ninapofika mwisho wa sentensi.*

Nilisoma nikaona haya, nami si mtu wa kuona haya upesi. Nikavaa buibui nikatoka kutafuta watu thelathini.

Nilirudi na sifuri. Kila niliyemwambia alitaka kujua kuna nini ndani yake, na nilipotaja sarafu akauliza zanunua nini. Sikuweza kusema uongo. Kwa bei ya sasa makala kumi nzuri hazikupi bajia moja, na pilipili ujiletee mwenyewe.

Aliyetuokoa ni Mwanasaumu, tena bila kujua. Kwa huzuni tu aliandika Uani, "Kitendawili!" Odhiambo akajibu, "Tega!" Akaandika, "Bibi yangu ana neno, hana mdomo." Odhiambo akasema redio. Akasema barua. Akasema, sijui kwa nini, serikali ya kaunti. Jibu lilikuwa leso. Kwa kuwa ameshindwa, ilimbidi atoe mji kama desturi ilivyo, naye akatoa mtaa wa jirani, Kiembeni.

Kila mtu aliyekulia huku anajua kinachofuata: ukipewa mji, lazima uende, urudi useme uliona nini huko. Mwanasaumu akaenda kwa kalamu.

"Nilipofika Kiembeni," aliandika, "nilikuta kila geti ni kubwa kuliko nyumba yake. Nikabisha geti la kwanza, nikajibiwa na mbwa. La pili, mbwa. La tatu akatoka mtu, akaniuliza kama nina miadi na mbwa."

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Nikaituma makala kwa kila jina lililomo kwenye simu yangu, hata kwa fundi wa mabomba.

Kesho yake alasiri hodi ikapigwa. Alikuwa mwanamke mrefu wa bara, karani wa ofisi moja Changamwe, kanyooka utadhani amekuja kukamata mtu. Jina lake Mercyline, mkazi wa Kiembeni miaka kumi na mmoja.

"Ninamtafuta huyo mama aliyetutukana," akasema. "Mimi sina mbwa. Nina paka."

"Basi ingia uandike," nikamwambia. "Neno la mtandaoni hujibiwa mtandaoni."

Kwa kuwa bando lake lilikuwa limekwisha, tukamwingiza kwenye wifi ya Jumaa, ile aliyofungiwa kwa ajili ya mpira. Akakaa kwenye mkeka wetu saa mbili, akaandika makala ya kuitetea Kiembeni, na mwisho wake akatega kitendawili chake mwenyewe. Aliyeshindwa ni mzee Tsuma, jirani yetu mkulima wa mchicha, ambaye alikuwa amekuja kuuza mchicha tu. Akatoa mtaa wa Ziwa la Ng'ombe. Mercyline akaandika kwamba alizunguka Ziwa la Ng'ombe kutwa nzima, ziwa hakuliona, ng'ombe hakumwona, na alipouliza akaambiwa vyote viwili vimeenda sokoni.

Loo! Watu wa Ziwa la Ng'ombe si wa kuchezewa. Walikuja sita kwa mpigo.

Ikawa ndiyo dawa yetu. Hatukumbembeleza mtu tena, tulimchokoza tu. Anayetaka kulinda heshima ya mtaa wake huingia Uani kwa hasira, na akishaingia hatoki, maana anangoja kuona nani atathubutu kumjibu. Kila alasiri ua wetu ulijaa watu wameinamia simu kwenye wifi ya Jumaa, wakichekana, na Jumaa akilalamika kwamba mpira wake unakwama mchezaji akiwa hewani. Mzee Tsuma aliandika kwa kidole kimoja, kwa sauti, herufi baada ya herufi. Siku ya ishirini tulikuwa na waandishi thelathini na wanne. Mwanasaumu alikuwa anaimba akipinda leso. Unajua mwenye kigugumizi akiimba hakwami? Mimi sikujua. Sikuwahi kunyamaza nikasikia.

Siku ya ishirini na sita, penye jina la Uani pakawekwa alama nyekundu. Barua ikaja, imetafsiriwa na mashine kutoka lugha nyingine, na Odhiambo akaisoma mbele ya watu wote:

"Tumegundua udanganyifu. Akaunti zenu thelathini na nne ni kazi ya wifi mmoja."

Ua mzima ukanigeukia mimi.

"Mimi?" nikapaza sauti. "Wallahi sijaandika hata herufi moja! Hapa mawifi tuko wawili, mbona natazamwa mimi?"

"Kwa sababu wewe ndiwe wifi unayepita ukitukana miji ya watu," akasema Mercyline.

"Nimetuma tu! Kutuma si kutukana!"

Nilikuwa nimeshafika kwenye kiapo cha tatu Odhiambo alipofanikiwa kunikatiza. "Dada Mwanatumu, si wewe. Ni wifi ya Jumaa. Ile ya mtandao, ile yenye taa."

Tukacheka mpaka mzee Tsuma akaketi chini. Kisha Odhiambo akasoma sehemu iliyobaki, na kicheko kikatukauka mdomoni. Roboti ya ulinzi ilikuwa imeona akaunti zote zinatoka mahali pamoja, na zote zinarudia neno moja, "Tega," mara mia tatu na kumi. Kwa akili yake huyo alikuwa mtu mmoja mwenye simu nyingi. Kikundi kingefungwa, isipokuwa mwenye kikundi azungumze na mkaguzi kwa simu ya video. Azungumze yeye mwenyewe. Mtu mwingine asimsemee.

Mwanasaumu akatazama chini.

Mkaguzi alipiga siku ya pili yake baada ya swala ya alasiri. Uso uliotokea ulikuwa wa kijana wa Nakuru aitwaye Brandon, anaishi Poland, amevaa sweta nzito kama godoro. Tuliisimamisha simu juu ya cherehani. Waandishi thelathini na watatu, na mimi juu yao, tulisimama nyuma ya Mwanasaumu, tumebanana, kila mmoja na kitambulisho chake mkononi kama tuko kwenye foleni ya kura.

"Hamjambo huko," akasema Brandon. "Mama, mimi niko na shida. Hawa wote wanaandika kitu moja. Tega, tega, tega. Roboti yetu inasema hakuna binadamu anaongea hivyo. Nataka wewe mwenyewe uniambie, wengine wanyamaze. Hii tega ni nini?"

"Ni-ni-ni—" Mwanasaumu akaanza.

Brandon akainamia kioo. "Mtandao unakatika huko?"

Mishipa ya shingo ya wifi yangu ilisimama. Nilikuwa na jibu zima kinywani mwangu, limeiva, linaniunguza kama kiazi cha karai. Nikachukua ncha ya leso nikaisokomeza mdomoni.

Mwanasaumu akafumba macho. Akaacha kueleza. Akavuta pumzi.

"Ki-ki-ki-ki—"

Sote nyuma yake tulijua neno gani linakuja. Hakuna aliyelivuta. Maji ya mfereji yalidondoka kwenye ndoo, tone, tone.

"—tendawili!"

"TEGA!"

Tuliitika kwa sauti moja hadi kunguru wakaruka. Lakini wa kwanza kabisa, kabla yetu sote, alikuwa Brandon. Neno lilimtoka mwenyewe, na mkono akauinua kama yuko darasa la tatu.

Akautazama ule mkono wake.

"Roboti huyooo!" akapiga kelele mzee Tsuma.

Sina jinsi ya kueleza kicheko kile. Mercyline alilia machozi ya wanja. Odhiambo alijipiga kichwa kwenye mti wa kamba. Brandon mwenyewe alipotea kwenye kioo, tukaona dari ya Poland tu, tukamsikia akicheka chini ya meza.

Aliporudi, Mwanasaumu alikuwa anamngoja. "Ba-bawabu wangu hana macho. Wa-wageni awapitisha, wenye nyumba a-awazuia."

"Kufuli," akasema Brandon. Hapana. "Polisi." Tukaguna kwa heshima, lakini hapana. "Basi nimeshindwa."

"Ro-roboti yenu."

Akajikuna kichwa. "Haya. Nawapa mji. Chukueni Nakuru."

"Ba-baridi," akasema Mwanasaumu.

"Nawapa Warsaw."

"Ba-baridi zaidi."

"Sasa mama, wewe unataka mji gani?"

"U-u-u-u—"

"Ukunda?" akasema Brandon. "Uganda? Urusi?"

"Mwache amalize!" nikafoka, leso ikanitoka mdomoni. Nilijua nimevunja sharti, na sikujali. "Miaka ishirini na miwili hatujamwacha amalize! Ngoja, kijana! Huna adabu?"

Brandon akangoja. Tukangoja sote. Ilichukua muda ambao zamani ningeweza kuosha sufuria mbili.

"U-Uani," akasema wifi yangu.

Kijana yule alitutazama kitambo, uso hadi uso. Kisha tukasikia vidole vyake kwenye kibodi. "Sawa, mama. Nawapa Uani." Odhiambo, mwenye simu yake mkononi, akainua kioo juu. Alama nyekundu haikuwepo tena.

Vigelegele nilivyopiga siku ile vilisikika hadi barabarani. Nilimkumbatia Mercyline, nikamkumbatia mzee Tsuma na mchicha wake, nikamkumbatia Jumaa aliyekuwa anauliza kama sasa anaweza kutazama mpira. Brandon bado alikuwa hewani.

"Lakini mama," akasema, "umepewa mji. Lazima uende utuambie uliona nini."

Nilidhani Mwanasaumu atasema ataandika. Badala yake alivuta kigoda cha cherehani, akaketi akitutazama, yeye ambaye sijapata kumsikia akisimulia hata ndoto.

"Ni-ni-nilipofika Uani," akasema, "ni-nikamkuta wifi yangu a-ameketi. Na-nami siku zote na-nataka kumwambia—"

Akakwama hapo. Midomo ilitetemeka juu ya neno, na mimi, wallahi, sikuwa na habari ni neno gani. Nikakaa kwenye mkeka nikakunja miguu. Jikoni nilisikia harufu ya mbaazi zinaungua, nikaziacha ziungue.