Siku Nilipomwogesha Pumba

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa niliamini kwamba nimemuua mdogo wangu kwa kipande cha sabuni. Sikumwambia mtu. Nilikua na siri hiyo, nikaolewa nayo, nikazaa nayo, na hata leo nikisikia harufu ya sabuni ya mche moyo hunidunda kwanza, ndipo akili inikumbushe kwamba ni sabuni tu.

Tuliishi Sepuka: Baba, Mama, Bibi aliyemzaa Baba, mimi, na paka wetu Pumba. Jina hilo nilimpa mimi kwa sababu ya rangi yake, maana alifanana kabisa na pumba za mtama zinazobaki kwenye ungo. Kazi yake ilikuwa kulinda magunia ya mtama na alizeti chumbani kwa Bibi. Kazi yangu ilikuwa kumpenda, na niliifanya vizuri kuliko kazi zote nilizotumwa pale nyumbani.

Mwaka ule Mama alikuwa mjamzito. Baada yangu alikuwa amekaa miaka tisa bila kushika mimba, kwa hiyo mtoto huyo alisubiriwa na ukoo mzima. Baba alileta kikapu chenye nepi, shali nyeupe na vipande viwili vya sabuni. Mama alitia kimoja kwenye kikapu, kingine akakiweka dirishani, akaniambia, "Hii ni ya mtoto. Nisione mtu anafulia." Mimi ndiye mtu mwenyewe, hakuna mwingine aliyeambiwa.

Kilichoniharibia furaha ni viroboto. Kiangazi kile walijaa ndani, wakawa wanatuuma miguu mpaka inavimba, na Bibi akamtia Pumba hatiani bila kusikiliza utetezi. "Nyumba ya mzazi haikai viroboto," alisema. "Mtoto akifika tu, huyu anaingia kwenye kiroba, anapelekwa mbali kule Mkiwa akatafute kwao." Bibi alipenda utani, lakini kuhusu usafi hakutania.

Jumanne asubuhi Mama aliondoka kwa pikipiki ya kukodi kwenda hospitali, Baba akiwa nyuma yake amemshikilia. Kabla ya kupanda Mama alinishika kichwa. Bibi alisimama uani akiangalia vumbi la pikipiki mpaka likatulia. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilidhani ni moshi wa jikoni.

Nikajua muda wa Pumba umekwisha. Nyuma ya mlango wa zizi Baba alikuwa na chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nilikuwa nimemwona akipima kifuniko kimoja, anamimina kwenye ndoo nzima ya maji, maji yanageuka meupe, anawapulizia ng'ombe, na kupe wanadondoka. Nikapiga hesabu yangu: kama dawa iliyochanganywa na maji yote yale inaangusha kupe wa ng'ombe, basi yenyewe bila maji itawamaliza viroboto wa paka mara moja. Nikachovya kitambaa, nikampaka Pumba kuanzia shingoni mpaka mkiani. Alinivumilia kwa sababu ni mimi.

Mpaka mchana alikuwa mzima, nikajisifu. Saa tisa yakaanza masikio. Yalikuwa yanacheza yenyewe, moja moja, hayatulii. Kisha ngozi ya mgongo ikaanza kujikunja, mate yakamtoka, akawa anainua miguu juu sana kana kwamba amekanyaga majivu ya moto. Alinijia. Hakufika. Alianguka ubavu katikati ya uwanja, mwili mzima unatetemeka, miguu inapiga hewa.

Bibi alitoka jikoni. "Umempa nini?"

"Sijampa kitu."

Sikudanganya sana. Nilimpaka, sikumpa.

Bibi alichuchumaa, akamtazama paka muda mrefu, kisha akainua macho kuitazama njia iliyokwenda na Mama. Nikaona uso wake unabadilika. Alisema kitu kwa Kinyaturu, taratibu, sikukisikia vizuri. Nilipotaka kumwinua Pumba akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Usimguse. Huyu amebeba."

"Amebeba nini, Bibi?"

"Kifo kilikuja hapa kutafuta mtu. Mnyama wa nyumbani akikipokea, kinatosheka naye. Ukimsaidia, unakirudisha kwa mwenyewe."

Sikuuliza mwenyewe ni nani. Alikuwa ameondoka asubuhi, kwenye pikipiki.

Imani hiyo haikuwa ngeni kwangu. Ndama akifa ghafla wakati mtu wa ukoo yuko hospitalini, wazee walikuwa wakisema bora yeye, na hakuna aliyemlilia ndama. Bibi alikuwa hakosi kanisani Jumapili, na hakuona kwamba mambo hayo mawili yanagombana. Naona aibu kusema kwamba kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa nafuu. Kama ni kifo kimekuja, basi si mimi niliyemfanya Pumba vile. Ilichukua muda kidogo kabla sijaelewa nafuu hiyo inadai nini.

Bibi alijifunga kanga akaenda kwa jirani mwenye simu, ili wapande pamoja kwenye jiwe ambako mtandao ulikuwa unashika, wapate habari za Mama. "Ukae mbali naye," aliniambia.

"Ndiyo, Bibi."

Nikabaki peke yangu na Pumba. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa jioni ile, hata nilipokuwa mtu mzima na sababu zangu za kuogopa. Nilikaa kizingitini nimekumbatia magoti. Nikimtazama, macho yake yalikuwa wazi, yananiangalia mimi. Nikifumba macho, namwona Mama amelala hivyo hivyo, anatetemeka hivyo hivyo. Pumba akifa Mama atarudi, na nilichotakiwa kufanya ni kukaa tu. Lakini pua yangu haikuniacha nikae. Uwanja mzima ulikuwa unanuka dawa ya ng'ombe. Nikawa najiuliza, kifo kilichokuja kumtafuta Mama kimetoka wapi na harufu ya zizi letu?

Sikumbuki niliamua saa ngapi. Nakumbuka niko jikoni namimina maji ya uvuguvugu kutoka kwenye chungu, na mkononi nina sabuni ya dirishani, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Nilimwogesha Pumba mara tatu. Alinikwaruza mikono yote miwili. Nikamkausha, nikamzungushia gunia, nikamlaza karibu na mafiga yaliyokuwa bado na joto. Halafu nikasali, na sala yenyewe ilikuwa ya ajabu: nilimwomba Mungu asione nilichofanya.

Bibi alirudi jua linazama. Simu haikupatikana. Aliona gunia, akaona linapumua. Asubuhi yake Pumba aliinuka, akayumba mpaka kwenye bakuli, akanywa maji. Bibi alimtazama akinywa, kisha akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

Mama alirudi Alhamisi. Alishuka kwenye pikipiki taratibu, Baba nyuma yake ameshika kikapu, na shali nyeupe ilikuwa bado imekunjwa vile vile ilivyotoka nyumbani. Wanawake waliokuwa wakingoja uani walikiona kikapu wakaanza kulia. Mimi sikulia. Nilikuwa namtazama Pumba, ambaye alikuwa amepita katikati ya miguu ya watu wote, mzima, mkia juu, akaenda kujisugua miguuni kwa Mama. Bibi alimtazama paka. Kisha akanitazama mimi.

Hakunitaja kwa mtu yeyote, mpaka alipofariki nikiwa sekondari. Pumba aliishi miaka mingine mitano, na sikumpakata tena hata siku moja. Mama alipopata mimba nyingine nilikuwa namfuata paka yule nikimchunguza masikio, natamani augue. Hakuugua, na mdogo wangu akazaliwa salama, na leo ni mwanamume mzima mwenye kelele. Mtu mwenye akili angejifunza kitu hapo. Mimi nilijifunza tu kwamba safari ile kifo hakikuja.

Sasa naishi Mwankoko, na watoto wangu wana paka na mbwa. Mwaka jana niliingia duka la dawa za mifugo kutafuta dawa ya viroboto. Binti aliyekuwa anauza aliniuliza ni ya mnyama gani. Nikamwambia wote wawili. Akairudisha kwenye rafu chupa aliyokuwa ameitoa.

"Hii mbwa tu, dada. Paka ukimpaka hii, au ile ya ng'ombe, anaanza kucheza masikio, anatoa mate, anatetemeka mpaka anaanguka. Watu wanasema amerogwa."

"Na kama ameshapakwa?"

"Mwogeshe haraka kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, mkaushe apate joto, umuwahishe kwa daktari wa mifugo. Wengine wanapona. Wengine ndiyo hivyo."

Nilishika meza ya duka. Binti akaniuliza kama naumwa.

Jumapili nikaenda Sepuka. Mama alikuwa anapepeta mtama. Nilimsalimia, nikakaa, na kabla ujasiri haujanitoka nikamweleza yote: dawa, maneno ya Bibi, sabuni, na jinsi Bibi alivyonitazama. Ungo ulisimama mikononi mwake.

"Paka ulimpaka lini?" aliuliza.

"Jumanne. Mlipoondoka."

"Mtoto alinyamaza tumboni tangu Jumapili," Mama alisema. "Nilingoja acheze, hakucheza. Jumatatu jioni nikamwambia bibi yako. Baba yako hakujua mpaka tulipofika hospitalini."

Nilimsikia, lakini aliyenijia ni Bibi. Bibi mwenye macho mekundu asubuhi ile, anayeangalia vumbi. Alikuwa anajua tangu jana yake. Na saa tisa mchana akatoka jikoni akamwona paka anakufa, akafikiri ombi lake limesikika, kwamba kuna mwingine amekubali kwenda. Hakuwa ananitisha aliponishika mkono. Alikuwa ananisihi. Na siku ya pili, paka alipoinuka naye akaketi chini pale uani, yeye peke yake alikuwa amempoteza mjukuu, kabla ya sisi sote, na hakuwa na mtu wa kumwambia. Miaka yote hiyo niliyachukulia macho yale kuwa hukumu. Huenda alikuwa anataka tu kujua nani mwingine pale nyumbani amebeba kitu asichoweza kukisema.

Mama alikuwa bado ananitazama.

"Ulimwogesha kwa sabuni ipi?"

"Ya dirishani."

"Niliitafuta," alisema. "Siku ile niliporudi nilitaka kuitupa, nisiione tena. Nikakuta dirisha tupu." Alichukua ungo, akautikisa kidogo, akaacha. "Kumbe iliogesha mmoja."

Akanisogezea ungo wa pili, na tukapepeta mpaka mtama ukaisha.